Usiniite Kiongozi wa Kesho, Nipe Saini ya Benki

Wasee, leo kuna watu watafuta namba yangu. Wengine wao wamekuwa nayo tangu nikiwa mwaka wa kwanza chuo, na wamenilipia chai mara nyingi. Sawa tu. Hii imenikaa kooni muda mrefu na lazima itoke.

Hebu fungua ukurasa wa klabu yoyote ya kujitolea hapa Nairobi, uteremke mpaka picha ya Jumamosi iliyopita. Unaijua hiyo picha hata kabla hujaiona. Watu thelathini hivi wamevaa tisheti za rangi moja. Kuna katoni za sodo, ama miche ya miti, ama unga. Watoto wa shule wamechuchumaishwa mbele, jua linawapiga machoni. Katikati wamesimama wakubwa wawili watatu, mikono imekunjwa kifuani. Na huko mwisho kabisa, mmoja kila upande, kuna vijana wawili wameshika bango. Chini ya picha wameandika: tunakuza viongozi wa kesho.

Mimi nimelishika hilo bango miaka miwili. Nalijua. Upepo ukija unalaza kiwiko, unarudisha mguu mmoja nyuma, unatabasamu huku kamba inakukata kidole. Siku nchi hii itahitaji mtaalamu wa kushika bango, niiteni.

Lakini uongozi? Hebu tusidanganyane. Klabu nyingi tulizo nazo zinazalisha wasaidizi wenye vyeti. Mtu anatoka pale baada ya miaka minne akijua kupanga viti, kupigia mpishi simu, kutafuta mpiga picha wa bei nafuu na kumwita kila mtu "mheshimiwa". Hajawahi kuamua kitu chenye uzito hata siku moja. Hajawahi kukosea na pesa za watu kisha akasimama mbele yao kueleza. Halafu tunampa LinkedIn nzuri na kumwachilia kwa ulimwengu kama kiongozi.

Nianze na haki yao kwanza, ndio mtu asiseme nimekuja kutukana tu. Wazo la hizi klabu ni zuri na halikuanza jana. Rotary ilianza Chicago mwaka wa 1905, watu wachache wa biashara wakikutana ofisini kwa huyu wiki hii na kwa yule wiki ijayo, na jina lenyewe lilitokana na huko kuzungushana. Nairobi ilipata klabu yake mwaka wa 1930, enzi ambayo babu yangu angeingia hoteli kubwa ya mji kama amebeba sahani tu. Leo, klabu za vijana chini ya Lions, zilianza 1957. Rotaract ikafuata mwaka wa 1968, kutoka Charlotte kule North Carolina. Kazi zimefanyika pia, kubwa kabisa. Rotary imekuwa kwa vita dhidi ya polio tangu miaka ya themanini, na Agosti 2020 Afrika ikatangazwa haina tena virusi vya polio ya porini. Hakuna anayeweza kuita hiyo maonyesho.

Na kuna sheria moja huko ndani ambayo mimi naipenda kuliko zote. Kwa kawaida rais wa klabu anakaa mwaka mmoja. Anaingia tarehe 1 Julai, anatoka tarehe 30 Juni, anampa mwingine. Fikiria hiyo sheria kwa nchi kama hii yetu, ambapo mtu akipewa uenyekiti wa kamati ya maji anahesabu kiti kama shamba la urithi. Mwaka mmoja! Ukifanya vizuri, asante, teremka. Ukifanya vibaya, pole, teremka. Aliyetunga hiyo sheria alikuwa ameelewa kwamba kiongozi mpya anatengenezwa na kiti kilicho wazi, na hakuna semina inayoweza kufanya hiyo kazi kwa niaba ya kiti.

Sasa niwaonyeshe vile sisi wajanja tumeizunguka.

Miaka kadhaa iliyopita nilichaguliwa kuwa rais wa klabu moja ya kujitolea. Sitaitaja, na msisumbuke kuchimba posti zangu za zamani, nimezifuta. Usiku uleule wa kuapishwa, nikiwa bado nimevaa koti la kuazima, niliongezwa kwa kikundi cha WhatsApp ambacho sikujua kama kipo. Ndani walikuwa wote waliowahi kuongoza klabu hiyo. Jina la kikundi lilikuwa na neno "washauri". Nilifurahi sana. Nilidhani nimepewa maktaba. Kumbe nimepelekwa bungeni, na mimi ndiye karani.

Mkuu wa miradi mwaka huo alikuwa dada wa miaka ishirini, mwaka wa pili chuo, mtu wa Kayole. Kila mwaka klabu ilikuwa inapeleka sodo kwa shule moja nje kidogo ya jiji. Ni mradi wa mazoea: unanunua katoni, unafunga safari, picha, mnarudi. Huyu dada akafanya kitu ambacho hakuna mtu kati yetu aliwahi kufanya. Siku ya Jumatano, bila tisheti, bila bango, alipanda matatu mbili kwa nauli yake akaenda shuleni kuuliza.

Naibu wa mwalimu mkuu, madam mmoja mpole, alimfungulia stoo. Katoni za sodo zilikuwa zimepangwa mpaka karibu na dari. Tangu Januari vikundi vitatu vilikuwa vimeshaleta. Halafu madam akamzungusha nyuma ya darasa la nne kumwonyesha vyoo vya wasichana. Vyoo vinne, mlango mmoja. Maji yako upande ule mwingine wa uwanja, karibu na jikoni. Msichana akiwa kwa siku zake anaenda nyumbani saa nne kubadilisha, na wengi hawarudi mpaka kesho yake. Sodo wanazo. Wanakosa pahali pa kuzitumia bila kuonekana na shule nzima.

Dada alirudi na bajeti. Alikuwa ameongea na fundi wa soko la karibu: milango mitatu ya mabati kwa fremu ya mbao, komeo za ndani, mfereji wa maji ya mvua kwenye paa, tangi la lita 1,000. Jumla shilingi 61,000. Sisi tulikuwa na 70,000 kwa ajili ya sodo. Alhamisi alisimama kwa mkutano akaeleza, na alipofika pale pa vyoo Kiingereza kikamwisha, akaendelea kwa Kiswahili cha mtaa. Mtu mmoja akamkatiza, ati tuendelee kwa lugha ya mkutano. Nitarudi kwa hilo, msidhani nimesahau. Tulipiga kura. Kumi na tisa waliunga mkono, wawili walikataa. Nikagonga meza. Nilijiona rais kabisa.

Saa nne usiku zikaanza kuingia sauti kwa kikundi cha washauri. Ya kwanza ilikuwa ya dakika tatu. "Prezo, hongera, wazo zuri sana, tuliweke kwa mpango wa mwaka ujao." Ya pili ilikuwa ya mfadhili: yule aliyetoa pesa anatarajia katoni zenye jina lake. Ya tatu ndiyo sijawahi kuisahau. Mkubwa mmoja, na simchukii, ni mtu aliyenisaidia kupata kazi ya kwanza, alisema kwa upole kabisa kwamba shida ya mlango ni kuwa haupigiki picha.

Ungesema ningekataa, si ndio? Nina kura kumi na tisa. Tatizo ni kwamba akaunti ya benki ilihitaji saini mbili kati ya tatu, na zote tatu zilikuwa za watu waliowahi kuongoza zamani. Yangu haikuwepo. Ya mweka hazina haikuwepo. Niliambiwa kubadilisha majina benki kila mwaka ni usumbufu, kwa hivyo tunaacha ya wazee. Yaani nilikuwa rais wa klabu ambaye hawezi kutoa hata pesa ya kununua komeo moja. Ushauri ukitoka kwa mtu mwenye saini, huo ni amri iliyovaa suti.

Niliandika, "Sawa, nimewaelewa." Basi. Maneno mawili. Sikupiga simu, sikuomba kikao, sikurudisha jambo kwa wanachama waliopiga kura. Nilikuwa na hesabu zangu pia: barua ya kunipendekeza kazi, safari moja ya Kampala iliyokuwa inanukia. Nawaambia hii ili mjue siwarushii mawe nikiwa nimesimama mahali safi.

Siku ya mradi tulienda na katoni. Huyo dada alikuja, na alishika bango. Watu walipoanza kupangwa nilienda kutafuta pahali pa kunawa mikono, nikapita nyuma ya darasa la nne. Msichana mmoja alikuwa amesimama mbele ya choo, amevua sweta ya shule, ameitandaza kwa mikono miwili kama pazia. Mwenzake alikuwa ndani. Aliniona, akashusha macho, lakini hakushusha sweta. Huku nyuma nasikia tunaitwa, prezo uko wapi, picha.

Nilienda. Niko kwa hiyo picha, katikati.

Dada alimaliza mwaka wake akatoka kwa kikundi bila kuandika kitu. Hakuna ugomvi, hakuna barua ndefu. Mkutano uliofuata mtu akasema kwamba vijana wa siku hizi hawana subira ya uongozi, na tukaitikia kwa vichwa, hata mimi.

Mwaka huohuo, kama mnataka kucheka kidogo, tulikuwa na mafunzo ya uongozi. Naivasha, siku mbili, hoteli yenye bwawa la kuogelea. Tuligawanywa vikundi tujenge mnara kwa tambi mbichi na gundi ya karatasi. Mnara wetu ulianguka. Mkufunzi akauliza tumejifunza nini, mtu akasema ushirikiano, tukapiga makofi ya kilo. Jioni tukapewa vyeti. Hiyo wikendi iligharimu zaidi ya mara mbili ya bei ya ile milango na tangi, na washauri waliidhinisha kwa dakika kumi, maana mafunzo yanapigika picha.

Mimi sina shida na tambi. Nina shida na imani kwamba uongozi ni somo ambalo mtu anaketi akafundishwa mpaka aive, halafu siku moja apewe kazi. Angalia mahali watu wanaokomaa kweli wanakomalia. Makanga wa miaka ishirini na moja anashika pesa za gari zima kutoka alfajiri. Ndani ya hizo pesa kuna mafuta, kuna hesabu ya mwenye gari, kuna ya kanjo, kuna abiria mkaidi aliyetoa noti ya elfu kwa nauli ya hamsini. Jioni ikipungua ni yeye anaeleza. Hakuna mtu alimpeleka Naivasha. Ama angalia chama cha akina mama wa ploti: mweka hazina hajamaliza darasa la nane, lakini ana daftari, na ole wake siku daftari na pesa zikikosana. Hao wamelelewa na uzito wa kitu cha kweli mkononi. Sisi tumemnyang'anya kijana uzito, halafu tunashangaa mbona misuli haikui.

Najua jibu la wakubwa, nimelisikia mpaka kwa ndoto. Vijana watakula pesa.

Mkubwa wangu, kwa heshima zote. Inawezekana. Kuna mmoja anaweza kula. Lakini tafadhali nenda kasome ripoti yoyote ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu, ya mwaka wowote unaopenda, uone ni akina nani wameandikwa humo. Si watoto wa mwaka wa pili chuo. Kama umri ungekuwa dawa ya wizi, nchi hii ingekuwa na barabara za dhahabu. Dawa ya wizi inajulikana: saini mbili, risiti zinazowekwa mbele ya wanachama wote kila wiki, na kiwango ambacho mtu hawezi kupita bila kura. Weka hiyo, kisha mpe kijana saini mojawapo. Akikosea atakosea na elfu kumi na mbili za klabu akiwa na miaka ishirini, badala ya kukosea mara ya kwanza na mamilioni ya kaunti akiwa na arobaini na tano.

Na kukosea kutakuwepo. Kabla ya mambo ya milango kulikuwa na kijana wetu alichapisha tisheti hamsini na jina la klabu likakosa herufi moja. Elfu kumi na mbili, kwisha. Tulimcheka wiki nzima. Lakini alienda mwenyewe kwa mchapishaji River Road, akabishana, akarudishiwa nusu, kisha akaandika ukurasa mmoja wa jinsi ya kuagiza kitu: sampuli kwanza, malipo baadaye. Huo ukurasa bado unatumika. Ndiyo hati bora zaidi ya uongozi niliyowahi kuona kwa hiyo klabu, na haina mhuri wa hoteli yoyote.

Sasa ngoja niseme la Juni 2024, sababu siwezi kuandika kuhusu vijana na uongozi nikajifanya huo mwezi haukuwepo. Tuliimba kwamba hatuna kiongozi, hatuna chama, hatuna kabila. Ilikuwa busara, maana asiyekuwepo haitwi Ikulu kwa chai. Lakini tazama kazi iliyofanyika ndani ya hizo wiki. Watu wakatafsiri Mswada wa Fedha kwa lugha za nyumbani, wakauelezea kwa TikTok. Wahudumu wa afya wakajitolea kutibu majeruhi katikati ya jiji. Mawakili wakajitokeza bure kufuatilia waliokamatwa. Mwanahabari Hanifa Adan akaongoza mchango wa mtandaoni kwa ajili ya waliojeruhiwa na familia za waliouawa, na mamilioni ya shilingi yakaingia, kutoka kwa watu ambao wengi wao hawakuwa na kazi. Hakuna aliyesubiri kupendekezwa na mtu. Hao ndio walewale vijana ambao klabu zinasema hawajaiva kushika bajeti ya sodo.

Halafu nigeuze upande mwingine, ili wasee wangu wa mtandaoni nao wakasirike kidogo. Ule moto ulituonyesha pia kile hatukuwa nacho. Wiki zilipogeuka miezi, tulikosa mazoea ya kuchosha: nani anaandika kumbukumbu, nani anapokea mtu mpya, nani anakabidhi kwa nani akichoka au akitishwa. Mambo hayo hujifunzi kwa spesi ya usiku mmoja. Unajifunza mahali mnapokutana kila Alhamisi hata mvua ikinyesha, watu tisa, chai baridi, mkibishana kuhusu tarehe. Ndio maana sisemi klabu zifungwe. Nazitaka sana. Nakasirika hivi kwa sababu ndizo mojawapo ya sehemu chache zilizobaki ambapo kijana bila pesa na bila jina la baba angeweza kufanya mazoezi ya kuongoza kabla ya kuomba kura.

Bila pesa, nimesema? Hapo nako kuna kazi. Ada ya mwaka, tisheti, mchango wa kila mradi, na juu yake tiketi ya chakula cha jioni cha kuapishwa yenye bei ya kodi ya chumba kimoja Kayole. Mtu anapimwa kwa kiatu kabla hajafungua mdomo. Na akiufungua anapimwa kwa Kiingereza. Nilisema nitarudi hapa. Yule dada alipokatizwa, alikuwa anasema jambo la maana kuliko yote yaliyosemwa kwa mkutano mwaka huo, na alikuwa anaeleweka na kila mtu ndani ya chumba. Ni Wakenya watupu mle! Sasa hebu niambie, kiongozi wa kesho ataongoza akina nani kwa hiyo lugha ya mkutano? Msichana mwenye sweta? Klabu inayomnyamazisha anayeongea kama watu wa kwao inajichagulia viongozi wa kuongoza klabu zingine tu.

Suala la umri nitalipitia haraka, linachosha. Mpaka katikati ya 2020, ukifika miaka 30 safari yako ya Rotaract ilikuwa imefika mwisho. Kuanzia tarehe 1 Julai mwaka huo mpaka huo wa juu uliondolewa. Nimesikia hoja za kuuondoa na zingine ni nzuri; mtu wa 33 aliyehamia mji mpya anahitaji marafiki pia. Katiba yetu yenyewe inahesabu kijana mpaka kabla ya 35. Kaa basi, karibu sana. Kaa uchangie, kaa usafirishe katoni kwa gari lako. Lakini ukiwa umeshaongoza, na una 38, na bado unataka kusoma bajeti kabla ya mweka hazina wa miaka 21 kuisoma, wewe si mshauri. Wewe ni foleni imesimama.

Kwa hivyo ombi langu ni dogo na litawauma. Kila tarehe 1 Julai, majina benki yabadilike, yote, hata kama ni usumbufu. Laini ya simu inayopokea pesa ikabidhiwe siku hiyohiyo, na nywila zake. Kura ya wanachama ikipita, imepita. Na kile kikundi cha washauri kivunjwe, kila mshauri abaki na namba yake ya simu, anayemhitaji atampigia. Ushauri wa kweli unapigiwa simu. Ule mwingine unajileta.

Rahisi kusema. Mwaka wangu ulipoisha, tarehe 30 Juni, nilihamia kwa kiti cha washauri kama wenzangu. Nilikuwa nimepambana mwezi wa mwisho mpaka saini zikafunguliwa, na baada ya makelele mengi yangu ikawa moja ya zile tatu. Niliona nimeleta mapinduzi. Halafu Oktoba, mweka hazina mpya akanitumia ujumbe: "Prezo, naomba ruhusa yako ninunue kitabu cha risiti." Kitabu cha risiti! Shilingi mia mbili hamsini. Na nitawaambia ukweli wa aibu: nilisikia utamu. Nilisoma huo ujumbe mara mbili. Nilianza hata kuandika, "Sawa, lakini wakati mwingine..." Nikaona mkono wangu, ukiandika kwa sauti ya yule mkubwa wa dakika tatu.

Ilichukua wiki tano. Benki wanataka kumbukumbu za mkutano zilizotiwa sahihi, nakala za vitambulisho, PIN ya KRA ya kila mtu, picha ndogo. Mara moja tulirudishwa kwa sababu tarehe kwa kumbukumbu ilikuwa imeandikwa kwa kalamu tofauti. Mara ya tatu tukafaulu. Mweka hazina alitia sahihi ndani ya kile kisanduku kidogo, pole pole, ulimi nje kama mtoto wa chekechea, kwa sababu aliambiwa ikitoka nje ya mstari ataanza upya. Yule karani wa benki akageuza fomu, akaniuliza mimi nabaki kama nani.

Nikamwambia sibaki.

Nilitoka kwa vikundi vyote viwili nikiwa kwa matatu, kabla ya kufika Globe. Mradi wao wa kwanza niliuona Instagram kama wewe tu. Wameamua kutumia pesa zote za muhula kulipia masomo ya udereva kwa vijana wanane wa mtaa mmoja. Binafsi naona ni wazo bovu, pesa nyingi kwa watu wachache. Nilikuwa hata na hoja tatu tayari.

Hakuna aliyeniuliza.